Glovu Moja, Majibu Manne ya Mwili

Miongoni mwa vitu ambavyo mama mjamzito wa Nyasho, mjini Musoma, huagizwa kuvitia mkobani kabla ya kwenda kujifungua, pamoja na pamba, wembe, nyuzi na khanga safi, zimo jozi za glovu za mpira. Na kwa kuwa glovu hizo ni za bei nafuu, zimezoeleka, na hutupwa mara tu zinapokwisha kutumika, ni nadra mtu kujiuliza zimetoka katika mti gani, zimetiwa dawa gani kiwandani, na mwili wa mkunga azivaaye, au wa mama aguswaye nazo, unazipokea kwa namna gani. Walakini wapo watu, Musoma kama kwingineko duniani, ambao ngozi yao hukauka na kupasuka kwa sababu ya glovu, na wapo ambao hutokwa na ukurutu siku ya pili, na wapo wachache ambao ndani ya robo saa huvimba midomo, hubanwa kifua, na hata kuzimia. Wote hao aghalabu husemwa kuwa wana aleji ya glovu, kana kwamba maradhi yao ni mamoja.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba majibu ya mwili kwa glovu ya mpira ni manne, kila moja likiwa na seli zake, saa yake na tiba yake, na kwamba mwenye kuyachanganya hudhuru mara mbili: humtia hofu bure yule ambaye ugonjwa wake ni mwepesi, na humpuuza yule ambaye uhai wake umo hatarini. Tena jibu la nne, yaani kingamwili kuwapo katika damu pasipo maradhi yoyote, lina uzito wa pekee kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kwa sababu ambazo zitabainika mbele.

Yafaa kwanza kuujua mpira wenyewe. Mti utoao sehemu kubwa kabisa ya mpira wa asili ni Hevea brasiliensis, ambao maskani yake ya awali ni misitu ya Amazon, na ambao mbegu zake takriban 70,000 zilichukuliwa na Mwingereza Henry Wickham mwaka 1876 zikapelekwa bustani ya Kew, London, na miche yake ikaenea hata Ceylon na Malaya. Katika nchi yetu Wajerumani walianza na mti mwingine, Manihot glaziovii, uliojulikana kama mpira wa Ceara, wakaupanda kwa wingi upande wa Tanga, hata bei ilipoanguka mwaka 1913 mashamba mengi yakakosa thamani. Mti huo ni wa ukoo mmoja na muhogo, na wataalamu wa kituo cha Amani, milimani Usambara, waliuchanganya na muhogo ili wapate mbegu zinazostahimili batobato. Hevea yenyewe ilikuja kupandwa baadaye Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, upande wa Kilombero, kwa ajili ya kiwanda cha tairi cha Arusha.

Utomvu wa Hevea unapokingwa huwa mweupe kama maziwa, na ndani yake, ghairi ya maji na ule mpira wenyewe, zimo protini ambazo mti huzitumia kufunga jeraha lake na kujihami na ukungu na wadudu. Protini 15 kati ya hizo zimekwisha kuorodheshwa kimataifa kuwa ni vizio, yaani vitu viwezavyo kuzusha mzio, zikapewa majina ya Hev b 1 hadi Hev b 15. Kisha utomvu ufikapo kiwandani hutiwa salfa na kemikali za kuharakisha mpira kuiva, kama vile thiuramu, kabamati na merkaptobenzothiazoli, na mabaki ya kemikali hizo hubakia katika glovu iliyokamilika. Msomaji akiishika tofauti hii, ya protini za mti upande mmoja na kemikali za kiwanda upande wa pili, amekwisha kuushika ufunguo wa yote yafuatayo.

Ajabu ni kwamba matabibu walizivaa glovu za mpira karibu miaka mia kabla ya mzio wake kuwa jambo la dunia nzima. Daktari William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliagiza glovu za kwanza za chumba chake cha upasuaji yapata mwaka 1890, tena kwa ajili ya muuguzi Caroline Hampton, ambaye mikono yake ilikuwa ikiunguzwa na dawa ya zebaki waliyokuwa wakinawia. Hivyo glovu iliingia hospitalini kama dawa ya ukurutu kabla haijashitakiwa kuwa chanzo chake. Habari ya mtu aliyedhurika papo hapo kwa mpira iliandikwa Ujerumani mwaka 1927, kisha kukawa na kimya kirefu, hata mwaka 1979 daktari wa Kiingereza alipoeleza habari za mwanamke aliyetokwa na mabaka ya kuvimba kila avaapo glovu za kazi za nyumbani. Kilichogeuza mambo ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka Musoma, mwaka 1983, na mwaka 1987 Marekani ilitoa mwongozo kwamba damu na majimaji ya kila mgonjwa yashikwe kwa tahadhari ile ile, pasipo kubagua. Glovu zilizokuwa zikivaliwa kwa upasuaji zikawa zinavaliwa kwa kila sindano na kila kidonda, na baada ya miaka kumi taasisi ya Marekani ya usalama kazini ilikadiria kwamba miili ya asilimia 8 hadi 12 ya wahudumu wa afya wanaougusa mpira kila mara ilikuwa imekwisha kuamshwa dhidi yake, ilhali kwa watu wa kawaida kadirio lilikuwa asilimia 1 hadi 6.

Tuanze na jibu la kwanza, ambalo ndilo lililo la kawaida kuliko yote, nalo si mzio hata kidogo. Muuguzi anawaye mikono mara nyingi kwa siku, akavaa glovu kabla mikono haijakauka, akatoka jasho ndani yake na kusuguliwa na unga, huyapoteza yale mafuta laini yaliyo juu ya ngozi; seli za tabaka la juu hujeruhika, nazo hutoa ishara za kemikali zinazoleta wekundu, ukavu na mipasuko migongoni mwa vidole. Hakuna kingamwili kilichotengenezwa, wala hakuna seli iliyojifunza lolote, na ngozi ikipumzishwa, ikakaushwa vema na kupakwa mafuta, hupona. Hata hivyo jibu hili halifai kudharauliwa, kwa kuwa ngozi iliyopasuka ni mlango, na protini ambazo zisingepenya ngozi nzima hupenya ngozi yenye nyufa.

Jibu la pili ni kazi ya seli T, na lawama yake ni ya kiwanda kuliko mti. Kemikali za kuivishia mpira ni ndogo mno kiasi kwamba mwili usingezitambua zikiwa peke yake, lakini zikisha kujiambatisha na protini za ngozi yetu wenyewe, mwili huziona kuwa ni ugeni. Seli za Langerhans, zilizotandaa ndani ya ngozi, huuchukua ugeni huo, zikasafiri nao hadi kwenye tezi za kwapa, na huko huzionyesha seli T, nazo chache zinazoafikiana nao huzaana na kutunza kumbukumbu. Siku ya kwanza mtu haoni kitu. Ila siku nyingine akivaa glovu ya namna ile ile, seli T zenye kumbukumbu humiminika mahali palipoguswa, na baada ya saa 24 hadi 72 hutokea ukurutu unaowasha, wenye malengelenge madogo, aghalabu ukiishia katika mstari ulio wazi pale pindo la glovu lilipokaa kwenye kifundo cha mkono.

Kuchelewa huko ndiko kunakowapoteza wengi, kwani mwenye kuugua Jumatano hamkumbuki mshukiwa wa Jumatatu. Kipimo chake ni kile cha kubandika: vipande vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa saa 48, huondolewa, na ngozi husomwa wakati huo na tena siku moja au mbili baadaye, kwa maana seli T haziharakishwi. Seli hizo hizo ndizo zinazoweza kumletea mvaaji wa katambuga ukurutu wa nyayo, ijapokuwa mpira wa tairi umepikwa kwa joto kali kiasi kwamba protini zinazoweza kutoka ndani yake ni chache mno. Kemikali za kuivishia zimebaki. Na hapa ndipo linapofanyika kosa ambalo huwagharimu watu fedha bure: glovu za nitrili, zisizo na utomvu wa mti hata tone, nyingi zake hutengenezwa kwa kemikali za jamii ile ile ya kuivishia, kwa hiyo mwenye jibu la pili akihamia nitrili yoyote iliyo sokoni huenda asione nafuu. Yeye hutafuta glovu zisizo na kemikali aliyopatikana nayo katika kipimo. Lakini jibu hili, pamoja na udhia wake, haliui.

Jibu la tatu ndilo liualo. Hapa mshitakiwa ni protini ya mti, na mashahidi ni wengi. Protini inapoingia kwa njia ya ngozi iliyopasuka, au kwa pumzi, au kwa utando laini wa mwili wakati wa upasuaji, seli zenye kuonyesha ugeni huzipa seli T mwelekeo wa pekee, nazo hutoa vijumbe viitwavyo interlukini 4 na interlukini 13. Kwa amri ya vijumbe hivyo seli B huacha kutengeneza kingamwili za kawaida na kuanza kutengeneza kingamwili cha aina ya E, kiitwacho IgE. Kingamwili hicho hakikai sana katika damu. Hutafuta seli za masti, zilizojipanga chini ya ngozi, katika mapafu na tumboni, na seli za basofili zieleazo damuni, kikajishikiza juu yake kwa nguvu, na kuanzia hapo mtu, ingawa hana dalili yoyote, ni mfano wa mtego uliokwisha kutegwa ukingoja ndege. Protini ikirudi tena, ikashika IgE mbili zilizo jirani kwa wakati mmoja na kuziunganisha, seli ya masti humwaga vifuko vyake papo hapo: histamini, inayotanua mishipa na kuvujisha maji, triptasi, inayoweza kupimwa damuni kama ushahidi wa tukio, na punde hufuata leukotraini na prostaglandini, zinazobana mirija ya pumzi. Baada ya saa kadhaa seli za eosinofili nazo huwasili, na uvimbe au pumu iliyokwisha kutulia hurejea.

Ili kuona jinsi mambo haya yanavyotokea pasipo mtu kugusa kitu, na tuitazame kwa karibu glovu ya zamani yenye unga. Unga ule ni wanga wa mahindi, umetiwa ili mkono uteleze. Punje zake hunyonya protini kutoka katika mpira, na muuguzi anapovua glovu kwa kuivuta hadi ikalia, wingu dogo jeupe hupanda hewani, likakaa humo kitambo, na kila aliye chumbani akalivuta puani. Ndiyo maana muuguzi mmoja hupiga chafya na kubanwa kifua ilhali glovu imevaliwa na mwenziwe. Ujerumani ilipozizuia glovu za utomvu zenye unga mwishoni mwa miaka ya 1990, kesi mpya za mzio huu miongoni mwa wahudumu wake zilishuka sana, na Marekani nayo ilizipiga marufuku glovu zote za kitabibu zenye unga kuanzia Januari 2017. Hiyo ni burhani iliyo wazi kwamba maradhi haya hayakuandikwa katika damu ya mtu toka kuzaliwa: hutengenezwa na kukutana na protini mara kwa mara, na hupungua makutano yakipungua.

Kundi lililoteseka kuliko yote ni watoto wenye mgongo wazi, ambao kwetu hupasuliwa katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, na ambao huishi na mirija ya mkojo tangu utotoni. Katika nchi za Ulaya na Marekani, hapo zamani glovu za utomvu zilipotumika kwa kila operesheni, vipimo katika baadhi ya hospitali vilionyesha kwamba nusu yao au zaidi walikuwa na IgE dhidi ya mpira. Tena protini zinazowaamsha si zile zile zinazowaamsha wauguzi: watoto hao hujibu zaidi Hev b 1 na Hev b 3, zilizogandamana na chembe za mpira wenyewe, ilhali wahudumu wa afya hujibu zaidi Hev b 5 na Hev b 6, zinazoyeyuka majini na kuchukuliwa na unga. Njia ya kuingilia huamua ni protini ipi itakayokumbukwa.

Hev b 6 ina ndugu zake katika matunda, maana protini za kujihami na ukungu zimo pia katika ndizi na parachichi, na mtu aliyeamshwa na glovu huweza kuwashwa kinywa akila matunda hayo. Hev b 5 nayo ina ndugu yake katika muhogo, na watafiti wa Brazili wamekwisha kuitambua protini hiyo na kueleza habari za wagonjwa wa mzio wa mpira waliodhurika kwa kula muhogo. Kwa eneo la Musoma, ambako ugali wa muhogo ni chakula cha kila siku kwa wengi, kumwuliza mgonjwa wa glovu kama muhogo humletea muwasho kooni ni swali la lazima, ingawa walio wengi wataula pasipo dhara lolote.

Yabaki jibu la nne, yaani kingamwili kuwapo damuni pasipo maradhi. Seli za masti zilielezwa na Paul Ehrlich mwaka 1878, na neno lenyewe la aleji lilibuniwa na Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906, lakini IgE haikutambuliwa hadi miaka ya 1966 na 1967, na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali, moja Marekani na moja Sweden. Mara baada ya hapo, mwaka 1968, Waswidi walipima watoto wa Ethiopia na kukuta kwamba IgE yao ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya watoto wa Sweden, hasa kwa wenye minyoo ya tumbo. Hapo ndipo ilipoanza kudhihirika kwamba IgE ni mtumishi wa kale wa mwili dhidi ya minyoo, na kwamba wingi wake peke yake si dalili ya mzio.

Sasa na tuje Musoma. Maji ya ziwa kuanzia Mwigobero hadi Makoko, pamoja na visiwa na vijiji vya wavuvi wa Musoma Vijijini na Bunda, ni makazi ya konokono waenezao kichocho cha tumbo, na mtoto aogaye au kuchota maji humo huweza kuambukizwa tangu utotoni. Mayai ya mnyoo huyo hubeba juu ya protini zake minyororo ya sukari iliyofanana na ile iliyomo katika protini za mimea mingi, ikiwamo baadhi ya protini za utomvu wa mpira, kama Hev b 2. Mwili unaotengeneza IgE dhidi ya sukari ya kichocho hutoa, pasipo kukusudia, IgE inayoitambua sukari ya mpira. Watafiti wa Entebbe, kwenye mwambao wa Uganda wa ziwa hili hili, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya IgE dhidi ya vizio miongoni mwa watu wa vijijini imeelekea sukari hizo, na kwamba haiendi sambamba na ngozi kuvimba wakichomwa kwa kipimo. Sababu inayodhaniwa ni kwamba sukari hiyo aghalabu hushindwa kuziunganisha vema zile IgE mbili zilizo jirani, na seli ya masti hubaki imefunga vifuko vyake.

Fauka ya hayo, minyoo hukaa mwilini miaka kwa kuzituliza seli: seli T za udhibiti hutoa interlukini 10, na kingamwili cha IgG4 huwahi kushika kizio kabla IgE haijakishika. Watoto wa Gabon wenye kichocho, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, walikuwa na ngozi tulivu zaidi mbele ya vizio vya vumbi, na interlukini 10 yao ilikuwa juu. Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba minyoo ni dawa. Huko Entebbe watoto ambao mama zao walipewa albendazoli wakati wa ujauzito walipata ukurutu zaidi utotoni, lakini katika vijiji 26 vya visiwa vya Koome, ambako tiba ya minyoo iliongezwa kwa miaka mitatu, mizio haikuongezeka. Na kichocho kilichoachwa huharibu ini. Mwenye minyoo na atibiwe.

Natija ya haya kwa tabibu wa Musoma ni ya moja kwa moja. Kipimo cha damu kitumiacho utomvu mzima wa mpira, akipimwa mvuvi au mkewe, huweza kusoma kuwa ana mzio ilhali hana. Basi asianzie hapo. Ikiwa pana maabara ya kutosha, kipimo cha protini mojamoja, kama Hev b 5 na Hev b 6, hupambanua vizuri zaidi, na kiko pia kipimo cha basofili, ambamo seli hizo huchukuliwa katika damu mbichi, hukutanishwa na protini ya mpira, na hutazamwa kama alama iitwayo CD63, ambayo kwa kawaida hufichika ndani ya vifuko, imejitokeza juu ya utando wake. Kipimo hicho huuliza seli yenyewe itafanya nini, badala ya kuhesabu kingamwili kilichokaa kimya.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa masikio. Dalili zilianza baada ya muda gani: dakika, au siku mbili? Zimeishia palipoguswa na glovu, au zimekwenda machoni, puani na kifuani? Zimewahi kutokea kwa puto, kwa kondomu, kwa daktari wa meno? Na ndizi, parachichi au muhogo humfanyaje? Aliyejibu siku mbili na kifundo cha mkono, atafutiwe glovu zisizo na kemikali yake. Aliyejibu dakika na kifua, asiguswe tena na utomvu, jambo hilo liandikwe kwa wino mwekundu juu ya faili lake, apewe glovu za nitrili na, ikihitajika, kondomu zisizo za utomvu, na akipasuliwa apangwe awe wa kwanza asubuhi, kabla hewa ya chumba haijachafuka. Akizidiwa, dawa ya kwanza ni adrenalini katika msuli wa paja, nusu miligramu kwa mtu mzima, na vidonge vya kupunguza muwasho visiicheleweshe.

Wala pasiwepo mwenye kutoa katika haya hoja ya kuacha glovu. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini ni hatari kubwa kuliko mzio kwa kila mkunga, na glovu ya utomvu isiyo na unga, yenye protini kidogo, inatosha kwa walio wengi. Linalotakiwa ni kwamba wanunuzi wa hospitali, zahanati na viwanda vya minofu ya sangara wakatae kabisa zile zenye unga, na kwamba kila kituo kiwe na boksi moja walau la nitrili kwa ajili ya wachache, mkunga au mama, ambao seli zao zimekwisha kuamshwa.